Kabla ya Kulaumu Betri, Pima Waya

Mjomba wangu hana kawaida ya kupiga simu asubuhi. Asubuhi anakuwa barabarani, anawahi abiria wa Posta kabla foleni haijakaza. Kwa hiyo simu yake ilipoita saa moja na robo, nikiwa kwenye mstari wa chai kafeteria, nilijua kuna jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Ile pembetatu nyekundu imewaka tena. Leo wameniambia betri imekufa."

Aliposema betri hakumaanisha ile ndogo ya kuwashia gari, ambayo hata mwanachuo anaweza kuinunua bumu likitoka. Mjomba anaendesha Toyota Prius ya mwaka 2008, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika kama magari mengi ya hapa mjini, na anaifanyia teksi ya mtandao. Ni haibridi: ina injini ya petroli na mota ya umeme, na mota inakula umeme wa betri kubwa iliyolala nyuma ya siti ya nyuma, kwenye buti. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuirudishia betri chaji. Ndiyo maana kwenye foleni inakula mafuta kidogo, na ndiyo sababu mjomba aliichagua.

Gereji aliyokwenda, jina naliacha, walichomeka mashine, wakasoma namba, wakamtajia milioni mbili na laki nane. Hapo ni betri iliyotumika, dhamana mwezi mmoja. Mjomba ana kiwanja Chanika alichokilipia kidogo kidogo kwa miaka minne, na alikuwa ameshaanza kuulizia mteja. Gari ile inalisha watu sita. Na nisiwafiche, inanilipia na mimi hosteli, maana mkopo wangu haukufika asilimia mia. Betri ikifa, na mimi nimo.

"Wewe si unasoma fizikia?" akasema. "Njoo unisikilizie. Hawa jamaa wanaongea, mimi naitikia tu."

Ukweli ni kwamba nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, na fizikia yangu yote iko kwenye makaratasi. Spana sijawahi kushika. Tena wiki hiyo nilikuwa na test ya Upimaji na Tathmini, Ijumaa. Lakini kuna neno moja alilosema lilinikaa kichwani. Kosa lile lilikuwa linakuja na kuondoka. Likifutwa kwa mashine, gari inakaa siku tatu nzima haina neno, inapakia, inapanda milima. Mvua ikinyesha, au akipita barabara ya mashimo, taa inarudi. Nikajiuliza, ni maiti gani huyo anayefufuka siku za jua?

Madereva wenzake wakamwelekeza kwa fundi mwingine, kijana mmoja wa Tabata, gereji yake ni mwembe, mabati manne na laptopu iliyofungwa kwa soltepu. Nilitegemea achomeke mashine kama wale wa kwanza. Hakuchomeka. Aliuliza.

"Inatokea wakati gani?"

Mjomba akasema wakati wowote. Fundi akatikisa kichwa. Mvua au jua? Gari ikiwa baridi au imeshapata moto? Ukipanda mlima au ukiwa tambarare? Buti lina mzigo au halina? Majibu yote aliyaandika kwenye boksi la spea kwa kalamu ya maka. Dakika kumi zilipita hajagusa gari. Mimi nilikuwa naangalia saa, nafikiria test.

Kisha akaanza na vitu vidogo. Alipima betri ndogo ya volti 12, kwa sababu ikichoka hiyo, alisema, kompyuta zote za gari zinaanza kuweweseka na kuandika makosa yasiyokuwepo. Ilikuwa nzima. Akafungua feni inayopooza betri kubwa, ile inayovuta hewa kutoka pembeni ya siti ya nyuma. Ilikuwa imejaa vumbi na nywele. Akaisafisha, akasema hili nalo linazeesha betri kwa joto, ila sidhani kama ndilo linalotusumbua leo.

Alipogundua kwamba nasomea ualimu hakuniita tena dada. "Madam," akasema, "betri hii ni vipande 28. Kila kipande kina seli 6, kila seli volti 1.2. Piga hesabu."

Nikapiga. Kipande kimoja volti 7.2, betri nzima volti 201.6.

"Sasa kompyuta ya betri haipimi kila kipande. Imevipanga viwili viwili, jozi 14. Kwenye mpaka wa kila jozi na jirani yake unatoka waya mwembamba unakwenda kwenye kompyuta. Waya ule hausukumi gari. Kazi yake kupeleka habari."

Hapo ndipo kitu kilipoanza kuniingia. Kompyuta haijawahi kuiona betri hata siku moja. Inachokiona ni habari zilizoletwa na waya. Na hata kosa lililosomwa kule gereji ya kwanza, namba P0A80, jina lake rasmi kwa Kiingereza limeandikwa kama amri: badilisha betri ya haibridi. Fundi mwenye haraka anasoma amri, anatii, anakupa bei. Kumbe kilichotokea ni kwamba kompyuta imeona jozi moja inatofautiana sana na wenzake. Kwa nini inatofautiana, haijui. Kulikuwa na namba ya pili pia, P3017, inayosema jozi ya 7 imedhoofika.

Tukaingia barabarani. Mjomba usukani, fundi mbele na laptopu, mimi nyuma na daftari la test yangu limegeuzwa kuwa daftari la gereji. Kazi niliyopewa ni kuandika volti za jozi ya 6, 7 na 8, pamoja na umeme unaotoka au kuingia.

"Jozi iliyochoka kweli ina tabia yake," alisema fundi. "Ukikanyaga mafuta inaporomoka kuliko wenzake. Ukikanyaga breki inapanda haraka kuliko wenzake. Yaani inafuata mzigo. Tuiangalie hii inafuata nini."

Tulikanyaga mafuta, tukakanyaga breki. Jozi ya 7 ilishuka na kupanda pamoja na wenzake, vizuri kabisa. Nilianza kuona aibu kwa niaba ya mjomba, unajua ile ya kumpeleka mgonjwa hospitali halafu akifika anacheka na manesi. Kisha tukavuka tuta. Gari haikuwa na mzigo wowote, mjomba ameachia mafuta, tunateleza tu. Namba zikaruka. Jozi ya 7 ikaanguka hadi 13.9. Baada ya sekunde kadhaa ikarudi 15.4 kama vile hakuna kilichotokea.

"Jozi ya 6 ilisoma ngapi palepale?" akaniuliza.

Nikaangalia daftari. "16.9."

"Jumlisha hizo mbili."

"30.8."

"Na kabla ya tuta?"

15.4 na 15.4. Jumla 30.8. Nilirudia hesabu mara mbili, na jumla haikusogea hata kidogo. Kilichopotea kwa jozi ya 7 kilionekana kwa jozi ya 6.

Mimi niliyefanya sakiti tangu kidato cha pili nilikuwa bado natafuta maneno ya kitaalamu. Mjomba, ambaye aliishia darasa la saba, akatutangulia.

"Kwa hiyo bikoni imesogezwa."

Fundi akacheka mpaka akafunga laptopu. Ndiyo hivyo hasa. Viwanja viwili vinashea bikoni moja. Mtu akiisogeza, huku kiwanja kinapungua na kule kinaongezeka, lakini ardhi yenyewe haijaenda popote. Jozi ya 6 na ya 7 zinashea waya mmoja wa mpakani. Waya ule ukitetereka, jozi moja inasomeka chini na jirani yake juu kwa kiasi kilekile. Seli ikifa kweli haifanyi hivyo. Jozi yake inapungukiwa, na jirani hapati kitu.

Kufungua betri ndiyo sehemu ninayotaka msome kwa makini, kwa sababu hostelini kwetu kuna watu wakiona video moja tu wanaanza kufungua vitu. Volti 200 za mkondo mnyoofu zinaua. Yule kijana alivaa glavu za mpira za fundi umeme, juu yake akavaa za ngozi. Alizima gari, akachomoa ile plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, akaitia mfukoni mwake ili asije mtu akairudisha kimakosa, kisha akakaa dakika kumi hafanyi lolote. Na alitukumbusha kwamba hata plagi ikiwa nje, vipande vyenyewe bado vina umeme wake. Huwezi kuizima betri kama taa ya chumbani.

Mkeka wa buti ulikuwa umelowa. Unanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Mpira wa mlango wa buti ulikuwa umekatika kwenye kona, na masika yote yalikuwa yanapitia hapo. Kifuniko cha betri kilipotoka, niliona vipande vimesimama kama vitabu kwenye rafu, na vibao vya shaba vinavyoviunganisha. Vingi vilikuwa vimefifia tu. Lakini kwenye mpaka wa jozi ya 6 na ya 7 kulikuwa na ukungu wa kijani umemea mpaka kwenye shingo ya waya wa kupimia. Ni kutu ya shaba. Unyevu unachangia, na dawa ya ndani ya betri nayo huwa inavuja taratibu kwenye vichwa gari inapozeeka.

Fundi akapima moja kwa moja kwenye vichwa vya vipande. Jozi ya 6, volti 15.5. Jozi ya 7, volti 15.5. Betri iliyotangazwa msiba ilikuwa hai.

Basi nikajifanya nimeelewa, nikamwambia tupime sasa mwisho wa waya, kule kwenye konekta ya kompyuta, tutaona uongo wake. Akanipa multimita. Nikapima. 15.5. Waya unasema kweli! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Usiogope, wengi wanakwama hapo," akasema. "Multimita inakunywa umeme kidogo mno. Hata waya uliooza unaweza kuupitisha huo. Ni kama bomba lililoziba nusu. Ukifunga koki, presha utaisoma ileile. Fungua maji yatiririke ndipo utajua kama bomba ni zima."

Akatenganisha kabisa waya zote za kupimia na betri, maana omu hazipimwi kwenye kitu chenye umeme, akaanza kupima waya mmoja mmoja kutoka kichwa chake mpaka kwenye pini ya konekta. Wa kwanza, chini ya omu 1. Wa pili hivyohivyo. Alipofika kwenye ule wa mpakani, nao ulisoma chini ya omu 1. Mjomba akashusha pumzi ya kukata tamaa. Fundi hakusema kitu. Aliushika waya shingoni kwa vidole viwili, akautikisa taratibu, kama tuta linavyoutikisa. Skrini ikaandika 40. Ikaandika 900. Ikawa haisomi chochote. Ikarudi 2.

"Huyu hapa," akasema.

Alikata sehemu iliyooza, akafunga kichwa kipya, akasugua vibao vyote vya shaba kwa siki na brashi, akavisuuza na kuvikausha, akarudisha nati kwa spana ya kupimia nguvu kwa kuwa boliti zile ni ndogo na zinakatika kirahisi. Mpira wa buti akaubadilisha. Gharama yote pamoja na ufundi ikawa laki moja na themanini. Jioni tukaijaribu kwa kupandisha Mlimani tukiwa watu wanne ndani, na namba 14 kwenye skrini zikashuka pamoja na kupanda pamoja kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Kabla hatujaondoka alimwambia mjomba jambo ambalo fundi mwingine angelinyamazia. Jozi ya 11 inachoka. Ikibebeshwa mzigo inashuka kidogo zaidi ya wenzake, na hiyo inafuata mzigo kweli, si waya. "Sikwambii betri ni mpya, mzee. Nakwambia haijafa. Anza kuweka akiba polepole." Mjomba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kiwanja cha Chanika bado ni chake.

Usiku ule nilirudi hostelini kusoma Upimaji na Tathmini. Nikafungua ukurasa wa uhalali na uthabiti wa kipimo, mambo niliyoyakariri tangu mwanzo wa semista: je, kipimo kinapima kile unachodhani kinapima? Nikashindwa kuendelea. Si kwa usingizi. Nilimkumbuka mvulana mmoja wa kidato cha pili niliyemfundisha hisabati kwenye BTP mwaka jana.

Mvulana yule alama zake zilikuwa zinakuja na kuondoka. Mazoezi ya darasani anapata 80, test anapata 25. Mada inayofuata 78, halafu 30. Kwenye taarifa yangu ya mwisho nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Ana uwezo ila ni mzembe." Nilijiona nimefanya tathmini. Mashine ilikuwa imesoma namba, na mimi nikatoa amri.

Sasa nikiwa kitandani na daftari lenye volti za gari upande mmoja, nikajiuliza swali la fundi. Ilikuwa inatokea wakati gani? Mazoezi yalitoka kwenye kitabu, wanafunzi watatu kitabu kimoja. Test niliziandika ubaoni, kwa sababu hela ya fotokopi haikuwepo. Zilikuwa vipindi vya mchana, jua linapiga ubao. Na yeye alikaa dawati la nyuma kabisa. Alama zake hazikufuata ugumu wa mada. Zilifuata mahali maswali yalipoandikwa.

Halafu likaja la kuniumiza zaidi. Mara mbili nilimsimamisha mbele ya wenzake kwa kuchungulia daftari la jirani wakati wa test. Nilidhani anaiba majibu. Leo nadhani alikuwa anatafuta swali.

Asubuhi nilimpigia mwalimu aliyekuwa ananisimamia kule shuleni. Nilitegemea anicheke. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Unajua hata mimi nimemweka kwenye orodha ya wazembe?" Akaahidi kumhamishia dawati la mbele. Wiki mbili baadaye akanipigia. Hata akiwa mbele, mtoto anakunja uso kusoma ubaoni. Mama yake ameitwa shuleni na kuambiwa ampeleke hospitali akapimwe macho. Hapo ndipo walipofikia. Ile sentensi yangu bado imo kwenye faili lake, na nimemwomba mwalimu anisaidie kuifuta.

Wengi wetu Julai hii tunakwenda BTP. Tutapewa madarasa ya watoto themanini, chaki, na fomu zenye vyumba vidogo vya kujaza maoni. Tutakuwa na haraka, kama ile gereji ya kwanza ilivyokuwa na haraka, na sidhani kama wale mafundi walikuwa watu wabaya. Walisoma kilichoandikwa kwenye skrini. Wapo watoto waliochoka kweli, kama jozi ya 11, na hao nao wanahitaji kuambiwa ukweli mapema ili wasaidiwe. Lakini ukiona alama zinapanda na kushuka, usikimbilie kuandika. Chukua kipande cha boksi na kalamu, uulize kwanza inatokea wakati gani.